Mistari ya Ng'wana Shigela

Nyakasela,
5 Agosti 2019

Kwa Mwalimu Jonathan Maige,
Igogo, Mwanza.

Shikamoo Mwalimu.

Jina langu ni Noela Muganyizi. Ninafundisha historia katika sekondari ya hapa Nyakasela, na ni katibu wa kamati inayojenga Nyumba ya Kumbukumbu ya mji wetu. Nilijaribu kukupigia simu mara tatu. Binti yako Dorcas akaniambia masikio yako yamegombana na simu, ila macho bado yanasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Basi naandika. Barua hii ataileta mama Teodora, muuza dagaa, ambaye anasema kila Alhamisi akivuka kwa kivuko cha Kigongo kuja sokoni huko Mwanza hapiti bila kukusalimia.

Mwalimu, hapa mjini wewe ni kitabu kabla ya kuwa mtu. Kijitabu chako cha mwaka 1976, zile kurasa thelathini na mbili zilizodurufiwa, ndilo andiko pekee tulilonalo kuhusu Nyakasela. Zimebaki nakala mbili. Moja iko kanisani, nyingine iko kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Malimi Ngosha, ambaye ameifunga kwenye kitambaa kama hati ya shamba.

Nyumba tutaijenga chini, kando ya Jiwe la Ngosha, hatua chache kutoka mwaloni wanakoshusha samaki, ili mgeni akishuka kwenye mtumbwi akute historia kabla hajakuta harufu ya dagaa. Msingi tutauweka tarehe 14 Oktoba. Juu ya mlango tunataka kuandika maneno yako ya ukurasa wa tisa: "Ziwa lilipofurika, Mwenyekiti Ngosha aliwapandisha watu hadi kwenye jiwe hili. Maji yalifika hapa yakasimama, hayakulipita."

Naomba ruhusa yako kuyatumia maneno hayo. Na kama kuna jambo lililosahaulika, niandikie. Watu wazima walioyaona maji yale wametangulia mbele ya haki, na nusu ya mji ni sisi wa kuja, tulioletwa na sangara au ajira. Mimi mwenyewe kwetu ni Muleba.

Mwanao katika kazi,
Noela Muganyizi


Igogo,
13 Agosti 2019

Mwalimu mwenzangu Noela,

Marahaba. Mwandiko wako unasomeka, jambo ambalo siku hizi si dogo.

Ruhusa sikupi. Maneno yale ni ya uongo, na aliyeyatunga ni mimi.

Nina miaka themanini na moja. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Nikamjibu una haki, haujawahi kupewa likizo. Kwa hiyo sina nafasi ya kuzunguka. Ziwa lilianza kupanda mwishoni mwa mwaka 1961, miezi ile ile ya uhuru, na mwanzoni mwa mwaka 1963 mji wote uliokuwa ufukweni ulihamia kwenye Jiwe la Ngosha. Hilo ni kweli. Lakini maji hayakusimama. Mwaka 1964, mwezi wa nne, yalilipita jiwe lile na kuingia ndani ya nyumba mpya. Ndipo tulipopanda mlimani, mnakoishi leo. Ukitazama ukurasa wa kumi utaona nimeandika kwamba wananchi walihamia mlimani "kwa kupenda hewa safi". Miaka arobaini na mitatu watu wameisoma sentensi hiyo na hakuna aliyecheka.

Aliyejua maji yatafika wapi alikuwa mama mmoja mfinyanzi, Ng'wana Shigela, yaani binti wa Shigela. Nyuma ya kanisa kuna mwamba mrefu unaoteremka hadi ziwani kama mgongo wa ng'ombe anayekunywa maji. Wafinyanzi walichimba udongo wao chini yake, na walihitaji kujua ziwa litayafunika mashimo lini. Kila lilipopanda sana walichonga mstari mwambani pale lilipofika. Mama yake alichonga, na bibi yake kabla ya mama. Nenda ukaitafute mistari hiyo. Ipo.

Utaniuliza kwa nini hayumo kitabuni. Alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Wilhelmina, mke wangu. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Nikimwona anakuja njiani na chungu kichwani, niliingia majanini mpaka apite. Jina lake la ubatizo lilikuwa Bernadeta, na leo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuliandika. Nilipokusanya historia niliketi na wazee kumi na wanne, nikawapelekea tumbaku na sukari. Mtu aliyeyajua maji kuliko wote kumi na wanne, nilikula ugali wake kila Jumapili, ukiletwa na mke wangu, na sikumuuliza swali hata moja. Ningemuulizaje?

Usijenge pale chini, mwanangu. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko kamati.

Wako,
J. Maige


Nyakasela,
25 Agosti 2019

Shikamoo Mwalimu.

Nimekwenda mwambani. Nimeiona.

Ni mistari kumi na tisa, kila mmoja urefu wa kiganja. Ya chini imeliwa na maji, ya juu imeota ukungu wa kijani. Tuliusugua kwa gunzi la mahindi. Nilikwenda na fundi wetu, Bagenda, aliyechukua mpira wa maji wanaoutumia mafundi kusawazisha misingi. Tukashika ncha moja kwenye mstari, nyingine tukaivuta hadi kwenye Jiwe la Ngosha. Mistari kumi na saba iko chini ya usawa wa jiwe. Wa kumi na nane umelizidi kwa kimo cha goti. Wa kumi na tisa, wa zamani kuliko yote, umelizidi kwa kimo cha kiuno changu. Bagenda alisimama pale na mpira wake mkononi, akasema, "Madam, hapa tulikuwa tunajenga birika."

Sasa kuna jambo sikukuambia, nami niliogopa ungelijua ungeniandikia kwa tahadhari. Mzee Malimi Ngosha, mwenyekiti wetu, ni baba mkwe wangu. Nimeolewa na mwanawe wa tatu. Kwetu Uhayani pia mke hasimami mbele ya baba mkwe kubishana naye, sembuse kumwambia kwamba jiwe lenye jina la marehemu baba yake lilizama. Kwa hiyo yale uliyosema kuhusu kuingia majanini nimeyaelewa kuliko unavyodhani. Mimi majani yangu ni jikoni.

Nilimtuma mume wangu. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia yote dirishani.

"Mwambie katibu wako," alisema Mzee Malimi, "Mwalimu Maige sasa ni mtu wa Igogo. Anakunywa maji ya bomba yenye dawa, yamempanda kichwani."

Mume wangu akamweleza habari ya mpira wa fundi na mistari.  Mzee akajibu kwa neno ambalo nakuletea lilivyo:

"Baba yangu alikuwa hanunui ng'ombe mpaka aulize watu watatu. Asingewahamisha watu na watoto wao kuwapeleka kwenye jiwe bila kuuliza. Kama pale hapakuwa salama, nani alimwambia ni salama?"

Mwalimu, sina jibu la kumpa. Wewe unalo?

Noela


Igogo,
5 Septemba 2019

Mwanangu Noela,

Ninalo. Ni mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ualimu Butimba na cheti kizuri, ndoa yangu ina mwaka mmoja. Pale gatini nilisimamisha mlingoti niliouchora sentimita kwa rangi nyekundu. Kila asubuhi kabla ya kengele nilisoma maji na kuandika daftarini. Mwisho wa mwaka 1962 nikachora grafu. Kila mwezi ziwa lilipanda, lakini kila mwezi lilipanda kidogo kuliko mwezi uliopita. Mstari wangu ulikuwa unainama vizuri kama shingo ya bata. Ngosha akaniita mbele ya mkutano. "Mwalimu," akasema, "sisi hatukusoma. Maji yatafika wapi?" Nikainua grafu yangu juu watu waione, nikasema: "Yatafika kwenye jiwe lile yatasimama. Hayatalipita."

Umeyatambua maneno hayo. Ukurasa wa tisa haukuwa historia. Ulikuwa utabiri wangu. Ulipokataa kutimia duniani, niliutimiza kitabuni.

Usiku wa kuamkia mkutano ule mke wangu aliniletea ujumbe: "Mama anasema mwamba una mstari ulio juu ya jiwe." Nikamjibu, "Mwambie mama maji yanapimwa kwa rula, hayapimwi kwa tindo." Wilhelmina alinitazama, akasema, "Ujumbe huo sipeleki. Ujinga wako utalala humu humu ndani." Hakuupeleka hadi anakufa.

Desturi ya ukwe niliyokuandikia ni ya kweli. Lakini nilijificha nyuma yake. Desturi ilinikataza kumtazama mama mkwe wangu. Haikunikataza kumwamini.

Na mwezi wa nne mwaka 1964, mvua zilipofululiza tena, ukuta wa ghala la pamba tulilojenga kando ya jiwe ulinyonya maji ukaanguka asubuhi watu wakihamisha vitu. Ulimwangukia Odeta, aliyekuwa akiuza uji pale, amerudi kuchukua sufuria zake. Aliacha mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo ndiye Teodora, anayebeba barua hizi.

Miaka sita sasa Teodora ananiletea dagaa kila Alhamisi na kukataa nusu ya bei, kwa kuwa nilimfundisha darasa la kwanza kabla hajaacha shule. Niliona siwezi kumpa barua hii aibebe kama punda anavyobeba asichokijua. Leo asubuhi nilimketisha, nikamsomea yote hadi neno "sufuria". Alikuwa ameshika kopo lake la kupimia dagaa. Akalizungusha, akalizungusha. Mwisho akasema:

"Mimi nilijua ukuta ulimwangukia mama. Sikujua ukuta ule ulikuwa na mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa na mwenyewe.

"Na wewe ulikuwa unakula dagaa wangu."

Nikasema ndiyo.

Alisimama, akafunga kanga. Nilidhani ataiacha barua mezani. Akanyoosha mkono: "Lete. Iende ikasomwe." Namalizia mistari hii yeye akiwa amesimama mlangoni, amenipa mgongo.

Ndani ya kitambaa kilichofungwa pamoja na barua hii kuna tindo. Ng'wana Shigela alipokaribia kufa, mwaka 1981, alimpa Wilhelmina akasema, "Mpe mwalimu, yeye anajua kuandika." Sikuchonga hata mstari mmoja. Niliifungia sandukuni pamoja na daftari la grafu. Sasa ni yako.

Mwambie baba mkwe wako jibu ndilo hilo. Usilipambe.

Jonathan Maige


Nyakasela,
16 Oktoba 2019

Shikamoo Mwalimu.

Tumepata barua, tindo, na mengine ambayo hukuyafunga kitambaani.

Kamati ilikaa Jumamosi, siku mbili kabla ya msingi, chini ya turubai pale pale kwenye jiwe, na watu wengi walikuja. Kokoto zilikwisha kumwagwa. Mimi nilikuwa na barua yako kwenye pochi na sijui nitafanya nini nayo. Nilikuwa nimeamua kuisoma, kisha nikaamua kutoisoma, kisha mara ya tatu sikuamua chochote. Baba mkwe alikuwa anafungua kikao Teodora alipoingia mpaka katikati.

"Teodora," akasema mwenyekiti, "habari za dagaa baadaye, mama."

"Leo sikuleta dagaa, Mwenyekiti. Nimemleta mama yangu."

 Akanigeukia. "Katibu, kazi yako si kusoma barua zilizopokelewa? Soma. Mimi shule niliiacha, lakini barua hiyo nilisomewa na mwenyewe. Ukiruka neno nitakusimamisha."

Basi nilisoma, Mwalimu. Macho yangu hayakutoka kwenye karatasi, si kwa woga. Ndivyo katibu anavyosoma, na ndivyo nilivyoweza kusoma mbele ya baba mkwe. Kwenye habari ya sufuria niliruka mstari. Teodora akasema, "Rudi." Nikarudi.

Nilipomaliza, mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Kumbe hewa safi!" na watu wakacheka kicheko kile cha msibani. Mzee Malimi hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Fundi Bagenda, ukiambiwa uhame leo, utahama?" Bagenda akasema, "Mzee, mimi nilihama siku ile ya mpira, nilikuwa nasubiri ninyi."

Wakapiga kura. Nyumba itajengwa juu, karibu na shule ya msingi, kimo cha watu wawili juu ya mstari wa kumi na tisa. Jumatatu tuliweka msingi.

Lakini baba mkwe amejiuzulu. Alikunja kile kijitabu kwenye kitambaa chake, akasema, "Andikeni mnavyotaka. Jina la baba yangu litoeni kwenye jiwe na kwenye nyumba. Alikuwa mtu aliyepotosha watu, basi." Tangu siku ile chakula nikipika hali. Hasemi neno baya. Anapita tu uani kama mtu anayepita nyumba ya jirani.

Nimeshinda, Mwalimu, na sijui nimeshinda nini.

Noela


Igogo,
18 Desemba 2019

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu nililazwa wiki tatu. Nimerudi. Wauguzi walikuwa wazuri, ila wote wananiita babu, hata yule mwenye mvi.

Tangu siku ile ya barua Teodora hakuja tena Septemba, hakuja Oktoba, hakuja Novemba. Alhamisi iliyopita alikuja. Akamwaga dagaa kwenye ungo, akataja bei kamili. Nikalipa kamili. Akasema, "Sasa tunaweza kuongea." Hatukuongea sana, lakini alikaa mpaka chai ikaisha.

Sasa sikia habari ya mwisho niliyoificha. Nyingine sina, nimepekua.

Siku ukuta ulipoanguka, Ngosha aliusukuma ule udongo kwa mikono yake mpaka kucha zikatoka damu. Kesho yake, tulipomaliza kumzika Odeta, hakurudi kwake. Alikwenda uani kwa Ng'wana Shigela, mji mzima ukimfuata, akavua kofia. Mwenyekiti, mwenye baiskeli mbili na redio, akamwambia mfinyanzi mbele ya watu wote: "Mama, niliuliza watu watatu, sikukuuliza wewe. Nimekosa. Tuonyeshe." Yule mama alichukua fimbo, akapanda nayo mlima hadi alipoona panatosha, akaichomeka ardhini. Pale ndipo penye shule ya msingi. Mnajenga palepale, mwanangu, na hamkujua.

Watu walimuuliza Ngosha, "Nani alikushauri jiwe?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Wengi walikuwepo siku ya grafu, lakini msiba unafuta kumbukumbu, na walitaka kulisikia kinywani mwake. Akajibu, "Mwenyekiti ni mimi. Ukibisha mlango, anayejibu ni mwenye nyumba." Hakunitaja. Hakunitaja hata tulipokuwa wawili. Mwaka 1976 nilipompelekea kijitabu akakisoma ukurasa wa tisa, alisema tu, "Mwalimu, hapa umenikopesha heshima ambayo sikuifanyia kazi." Nilimwomba akiache kilivyo. Akakiacha. Siku zote alibeba kosa langu kwenye jina lake na sifa ya uongo kwenye jiwe lake, na ile sifa yake ya kweli, ya kuvua kofia, niliizika mimi, kwa sababu nisingeweza kuisimulia bila kusimulia grafu.

Mpe Malimi barua hii wewe mwenyewe. Usimtume mumeo. Mwekee kwenye sinia pamoja na chakula, uondoke.

Na maneno yangu ya ukurasa wa tisa msiyatupe. Yatundikeni ndani ya nyumba, jina langu chini yake, na chini ya jina muandike maji yalifika wapi. Wanafunzi waone kwamba mtu aliyesoma anaweza kukosea kwa mwandiko mzuri.

Mvua za mwaka huu hazinipendezi. Huku Igogo maji yamekwisha kuingia kwenye vibanda vya ufukweni, na masika bado.

Jonathan Maige


Nyakasela,
8 Juni 2020

Shikamoo Mwalimu.

Miezi hii barua zimekwama. Shule zimefungwa kwa ugonjwa huu, Teodora hakutaka kukuletea homa ya watu, na gati la kivuko lilikuwa linahangaika na maji. Leo anavuka. Ameniambia atakusalimia akiwa nje ya dirisha, kwa hiyo vaa shati.

Ziwa limekuja. Mwezi wa pili lilikula mwalo wote. Mwezi wa tatu lilifika chini ya Jiwe la Ngosha. Sikukuu ya Pasaka lililipanda. Katikati ya Mei, pale tulipokuwa tumemwaga kokoto zetu, furu, samaki wale wadogo, walikuwa wanaogelea. Nilisimama ndani ya maji na kijiti mkononi. Yalinifika gotini. Vibanda kumi na viwili vya wachuuzi vimekwenda, lakini watu wote walikuwa wameshatoka, kwa sababu tangu Januari Teodora alipita kila kibanda akisema, "Mimi sitoi ushauri, mimi ni ushahidi." Hakuna aliyebaki kuchukua sufuria.

Nyumba ya Kumbukumbu iko juu, imeezekwa, kavu kama unga.

Sasa habari ya sinia. Nilifanya ulivyosema. Sinia lilirudi na barua haimo, na ugali haumo. Hakusema kitu siku hiyo wala mwezi huo. Ila kila siku sinia lilirudi tupu, na mimi nikaona nisiharakishe.

Wiki iliyopita maji yalipoanza kushuka, yakiacha alama ya tope mwambani, nilichukua tindo na nyundo ya Bagenda nikaenda nyuma ya kanisa peke yangu. Niliinama nikaweka ncha kwenye alama. Nikapiga, ikateleza. Nikapiga tena. Mwalimu, mimi chaki naiweza, chuma sikijui. Nikasikia viatu vya raba kwenye changarawe. Nilimjua kwa kikohozi.

Sikugeuka. Yeye naye hakuja mbele yangu. Alisimama pembeni, uso wake kwenye mwamba, wangu kwenye mwamba, kati yetu nafasi ya kupita mtu. Akauliza, kana kwamba analiuliza jiwe:

"Maji yalifika wapi hasa?"

Nikaliambia jiwe: "Hapa kwenye tope, Baba. Vidole viwili chini ya mstari wa kumi na nane."

"Una hakika? Uliuliza watu wangapi?"

"Watatu, Baba. Na Teodora."

Akanyoosha mkono upande, bila kunitazama. Nikaweka tindo kiganjani, kisha nyundo. Alichonga, mimi nikashika kipande cha gunzi nikifuta vumbi, mpaka mstari ukakaa. Tulikuwa pale kama saa nzima. Tulizungumza kuliko tulivyozungumza miaka saba niliyokaa kwake: habari za baba yake, baiskeli mbili, redio. Alipomaliza akapuliza mstari, akasema, "Kofia ya mzee ipo. Iko darini. Itafaa kwenye ile nyumba yenu?"

Nikasema, "Yetu, Baba."

"Haya. Yetu."

Mistari sasa ni ishirini. Katikati, kati ya mwaka 1964 na huu, pamebaki mwaka 1998, ziwa lilipopanda kidogo na hakuna aliyechonga. Bagenda ameupima kwa kumbukumbu za wavuvi, tutauchonga kiangazi. Chini ya mwamba tutaweka kibao kidogo: Mistari ya Bernadeta, Ng'wana Shigela, mfinyanzi. Nimeandika jina lote kwa kuwa wewe uliliandika kwanza.

Mwanao,
Noela


Igogo,
14 Juni 2020

Mwanangu Noela,

Dorcas ndiye mkono, mimi ni mdomo tu. Ananiambia niseme polepole, nami namwambia sina mwendo mwingine.

Teodora alinisomesha barua yako kupitia dirishani, yaani aliipitisha kwenye nondo, akabaki pale nje akisema, "Soma kwa sauti, nami nisikie walivyoniandika." Aliporidhika akaenda zake.

Jina nimelikubali. Kofia itundikeni pazuri. Mwaka 1998 msiuchonge kwa kumbukumbu za wavuvi peke yao; ulizeni wanaofua nguo ufukweni, wao huhama jiwe kwa jiwe maji yakipanda. Dorcas, andika hilo vizuri. Dorcas anasema kiangazi atakuja kushika nyundo, ni mwamba wa bibi yake. Alikuwa hajui. Sikuwahi kumwambia. Amelia kidogo, sasa ameacha, tunaendelea.

Nimeisoma mara nne ile habari ya nyinyi wawili mwambani. Daktari akija kesho nitamwambia moyo umepata likizo, achague yeye ya siku ngapi.

Miaka ishirini nilimpisha mama mkwe wangu njiani. Niliamini hakuna mahali duniani mimi na yeye tungeweza kusimama pamoja. Kumbe mwamba ulikuwepo muda wote. Ningesimama upande huu, yeye upande ule, sote tumelitazama jiwe, na nisingevunja desturi yoyote. Ningemuuliza: Mama, huu ni wa mwaka gani?

Jonathan Maige